Nisome menejimenti ya afya au afya ya mazingira?

SWALI: Shikamoo kaka. Nimemaliza form six CBG (kemia, baiolojia, jiografia). Dada yangu ni nesi, ananiambia niombe Health Systems Management pale Mzumbe, ila mjomba anasema Environmental Health ya Muhimbili ndo ya maana. Mi naona zote ni afya bila kushika sindano. Tofauti iko wapi? Na nikisoma menejimenti naweza kuja kuwa Mganga Mkuu wa Wilaya?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Naanza na la mwisho maana ni fupi: hapana. DMO, yani huyo mganga mkuu wa wilaya, ni daktari. Ukisoma menejimenti unakuwa katibu wa afya kama mimi, unaingia CHMT, yani ile timu ya afya ya halmashauri, unakaa meza moja na DMO, mfamasia, bwana afya (ndo huyo anayesoma Environmental Health) na wengine, ila uganga mkuu usahau na wala usiulilie.

Sasa tofauti. Maneno ya kwenye prospekta hayakusaidii, tuchukue wodi ya watoto. Tuseme ina vitanda 40, mwezi una siku 30, kwa hiyo una nafasi 1,200 za kulaza. Unachukua idadi ya watoto waliolala kila usiku unajumlisha mwezi mzima unapata 1,380, ukigawa kwa 1,200 inakuja asilimia 115. Sasa 115 kwa macho ndo nini? Ni mzungu wa nne, watoto wawili kitanda kimoja, na mama zao chini kwenye khanga. Hapo katibu wa afya ndo anaanza kuumwa kichwa: manesi wangapi zamu ya usiku, nani yuko likizo, magodoro yanatoka fungu gani, kamati ya kituo itakaa lini kupitisha matumizi, maana tangu 2017/18 hela za mfuko wa pamoja wa wafadhili wa afya zinaingia moja kwa moja akaunti ya kituo na mkaguzi akija anataka risiti, hataki hadithi.

Bwana afya anaingia wodi hiyohiyo ila vitanda wala havihesabu. Anafungua MTUHA, yani vitabu vya takwimu za kituo, kitabu namba 5, kile cha wagonjwa wa nje, anaangalia wenye kuhara wanatokea wapi. Anakuta kijiji A wametoka watoto 60, kijiji B 30. We ungekimbilia wapi? Wengi wanakimbilia A, na wanakosea, kwa sababu A ina watoto 3,000 na B ina 500 tu. Kwa kila watoto elfu moja A ni 20, B ni 60, yani B hali ni mbaya mara tatu. Ndo anadandia pikipiki kwenda kuangalia kisima cha B. Hiyo epidemiolojia, elimu ya jinsi magonjwa yanavyosambaa, watu wanayoiogopa nusu yake ni hapo tu, kujua ugawe kwa nini. Daktari Mwingereza John Snow alifanya mambo ya namna hiyo London mwaka 1854, akachora vifo vya kipindupindu kwenye ramani vikazunguka pampu moja ya Broad Street, mpini wa pampu ukang'olewa.

Na usidhani bwana afya ni kukagua vyoo na machinjio tu kama watu wanavyotania. Marburg, homa ya virusi inayofanana na Ebola, ilipoingia Kagera Machi 2023 watu 9 waliugua na 6 wakafariki, ila waliokutana nao walikuwa zaidi ya 200 na kila mmoja ilibidi afuatiliwe siku 21, kuna mtu anaenda mlango kwa mlango na kipimajoto. Ikatangazwa imeisha Juni 2 baada ya kusubiri siku 42 bila mgonjwa mpya. Kazi ya jua kali hiyo, kama unapenda kiyoyozi ujiulize vizuri.

Ya kwangu nayo ina vituko vyake. Kituo changu cha kwanza ripoti zilikuwa zinasema ORS, ile dawa ya chumvichumvi ya wanaohara, haijawahi kuisha, huku kina mama wanatumwa kununua duka la dawa la nje. Nilihangaika wiki mbili nikidhani kuna mwizi, kumbe anayejaza anahesabu zilizopo siku ya mwisho ya mwezi, na mzigo wa bohari ulikuwa unafika tarehe 28. Hakuna aliyeiba, fomu ilijazwa kizembe tu, na mimi nilikuwa nazisaini bila kuuliza.

Ushauri wangu, kabla dirisha la maombi halijafungwa mwombe dada yako akuombee ruhusa kwa mganga mfawidhi ukae pale siku tatu, asubuhi ofisi ya katibu, mchana utoke na bwana afya. Angalia ipi inakufanya usahau kula. Sifa za CBG kwa kila kozi zipo kwenye mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, soma wa mwaka huu usisome wa kaka yako. Ukichagua Environmental Health jua ukimaliza kuna usajili wa baraza lao, bila huo hufanyi kazi. Na mjomba asikutishe, MPH, shahada ya uzamili ya afya ya jamii, unaweza kuja kuisoma baadaye, darasani kwangu tulikuwa na madaktari, manesi, mabwana afya na makatibu, na kwenye takwimu wote tulikuwa tunaibiana majibu.