Uliza Mwalimu: Kopo la majani chai la baba ya babu

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Lanet, Nakuru. Desemba ukoo wetu unakutana, nami nimepewa kazi ya kuandika maisha ya baba ya babu. Alikuwa chifu huko Meru na Mmethodisti wa kupindukia: pombe hakuonja, na Jumapili alihubiri. Nyanya amenikabidhi kopo la majani chai lenye vikaratasi 11. Kila kimoja kina mstari wa Biblia, jina lake, na herufi mbili zilizoandikwa kwa mkono. Ni vya nini? Na binamu zangu wanataka niandike mahubiri tu, habari za kodi niziache. Nifanyeje? – Mjukuu

JIBU: Mjukuu, kwanza nakusihi usivipeleke kutiwa plastiki. Hizo ni tikiti za darasa. Tangu enzi za John Wesley, mwanzilishi wao, Wamethodisti waligawanywa katika madarasa madogo, kila moja na kiongozi wake wa kuuliza waziwazi: roho yako i hali gani? Kila robo ya mwaka muumini mwenye msimamo alipewa tikiti mpya. Aliyeteleza aliweza kunyimwa. Zile herufi mbili huenda ni za mchungaji aliyeitoa. Kwa hiyo umeshika karibu miaka mitatu ya mzee, robo kwa robo. Zipange kwa tarehe. Ukiona pengo, huenda tikiti ilipotea tu, lakini mimi ningeuliza robo hiyo kulikuwa na nini kijijini.

Kuhusu "chifu", pole pole. Mimi nimekulia Kisumu nikiambiwa babu yangu alikuwa chifu. Nilipokwenda kupekua mafaili Kakamega nikamkuta tarishi wa baraza. Shangazi zangu hawakunisemesha hadi Pasaka! Baba ya babu yako huenda alikuwa hedimani (headman), yaani kiongozi wa eneo aliyewekwa na serikali ya kikoloni. Sheria ya 1912 iliwapa mahedimani mamlaka ya kutoa watu wa kazi za barabara na kuzuia utengenezaji wa pombe. Kwa pombe, basi, kanisa na serikali vilimpa amri moja. Kwa kodi ya nyumba (hut tax ya wakoloni) hapakuwa na neema hiyo: alikusanya kwa jirani yuleyule aliyeketi naye darasani. Huwezi kumwandika mzee huyo ukaacha kodi. Binamu zako waambie nimekataa mimi. Waulize wazee pia kuhusu Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, ambalo DC (mkuu wa wilaya wa kikoloni) H. E. Lambert alilipa nguvu katika utawala wa Meru. Mkristo mwenye cheo alijiunga au alikaa nje? Jibu la familia yenu lina thamani kuliko sifa zote za mazishi.

Pa kutafuta: Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, lile jumba lililokuwa Bank of India. Omba mafaili ya DC wa Meru, alama yake DC/MRU, na hasa ripoti za makabidhiano. Humo DC anayeondoka humwelezea mwenzake mahedimani mmoja mmoja, bila haya: huyu hodari, yule mlevi. Tafuta jina lake la Kimeru, lile linaloanza na M', pamoja na la baba yake, maana serikali haikujali sana majina ya ubatizo. Mimi nilipoteza siku mbili nikitafuta "Yohana". Kanisani ni kinyume, anza na la ubatizo. Wamethodisti walifungua misheni Kaaga mwaka 1912, na barua za wamisionari wao zimo SOAS, chuo kikuu cha London, tangu 1978. Huku kwetu magharibi usihangaike: misheni ziligawana nchi, sisi tukaangukia Maquaker wa Kaimosi na Waanglikana wa Maseno.

Na lile kopo, libadilishe leo. Bati likishika kutu huila karatasi. Tafuta bahasha ya karatasi isiyo na asidi, na ikae mbali na moshi wa jikoni. Tikiti ya zamani kuliko zote ina mwaka gani? Niandikie kabla hamjachinja.