Kantangaze: angalia namba ya kundi kabla hujanunua dawa nyingine

Mkuu, umesema ulipiga abamektini ikagoma, ukahamia emamektini, na kantangaze, wale viwavi wa nondo mdogo wa nyanya, bado wanatoboa nyanya zako hapo Chanika. Mimi nalima nyanya Kisarawe II, Kigamboni, na shida naiona kwenye hizo dawa mbili. Majina ni tofauti ila zote ni kundi la 6, yaani zinamuua mdudu kwa njia ileile. Aliyehimili ya kwanza, ya pili haimsumbui sana. Soma lebo, tafuta namba ya kundi: spinosadi ni 5, klorantraniliproli ni 28. Kizazi hiki cha wadudu kipigwe kundi moja, kinachofuata kundi jingine. Kwenye joto la nyuzi 27, kama letu hapa Dar, kizazi hukamilika kwa takriban siku 24.

Huyu mdudu asili yake Amerika Kusini. Aliingia Hispania 2006, Tanzania akaripotiwa 2014, na njiani ameshazoea dawa nyingi. Hata kundi la 28, ambalo wengi tunalitegemea, usugu wa mdudu dhidi yake uliripotiwa Italia mwaka 2015. Ukilipiga hilo tu msimu mzima, unaliua nguvu mwenyewe, maana wadudu watalizoea.

Kingine ni wakati. Kiwavi akishajichimbia ndani ya jani, dawa ya kugusa haimpati. Ndiyo maana naweka mapema mtego wa feromoni, yaani harufu ya jike inayovuta madume: beseni la maji yenye sabuni, kidonge cha harufu kikining'inia juu. Unanasa madume tu, kwa hiyo usiutegemee kumaliza wadudu. Kazi yake ni kukuambia wamefika. Madume wakiongezeka, geuza majani utafute mayai na vitobo vipya. Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260.

Nyanya zilizotobolewa usizitupe pembeni ya shamba, tafadhali. Zifunge kwenye mfuko wa plastiki, uache juani. Ng'oa mnavu, ng'oa na masalia ya nyanya za zamani, kisha ongea na jirani mwenye bilinganya, maana kote huko wanazaliana.

Na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zipo kwenye lebo, ziheshimu. Inaniuma kuona mtu anapiga dawa leo, kesho tenga liko soko la Temeke Sterio, na watu wanakatia kachumbari mbichi.

Weka picha za lebo zote mbili hapa, na useme nyanya zina wiki ngapi. Kama zimeanza kuiva, dawa za kukushauri zitakuwa chache zaidi.