Bathtabu imepasuka chini, nifanyeje?

SWALI: Habari zenu, bathtabu yetu ya faibaglasi imepata ufa pale ninaposimama, nikapaka silikoni ikabanduka. Nisaidieni.

JIBU: Pole sana ndugu. Silikoni haishiki hapo, na kabla hujaziba chochote kanyaga kwanza uone kama panabonyea, maana pakibonyea ujue chini kuna uwazi na ufa utarudi tu, sasa hapo toboa kashimo upulizie foamu, ile isiyovimba sana. Halafu toboa tundu la 3 mm kila mwisho wa ufa ili usizidi kurefuka, piga msasa, futa na asetoni, bandika kitambaa cha faibaglasi na rezini (ile gundi ya maji inayokauka ikawa ngumu), ikikauka malizia na jelikoti, ile rangi ngumu ya juu inayong'aa. Vaa barakoa jamani, lile vumbi ni baya kwa mapafu! Usioge humo mpaka yapite angalau masaa 24.