Mtandao Upo, Majina Hayafunguki: Kwa Fundi Anayeanza

Ukianza kazi ya kutengeneza mitandao ya majumbani hapa Mbeya, simu nyingi utakazopigiwa zitakuja na maneno yaleyale: "Fundi, intaneti imekata." Mteja hakudanganyi, anakueleza anachokiona kwenye kioo. Ila wewe usiondoke na maneno hayo kama ndiyo ugonjwa. Mara nyingi intaneti imefika vizuri mpaka sebuleni, taa za ruta zinawaka, na bado hakuna ukurasa unaofunguka kwa sababu kompyuta haijui jina lililoandikwa liko kwenye anwani gani.

Tangu zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022 nyumba zetu zina namba, lakini ukishuka Uyole bado utauliza kwa jina: kwa mama fulani, nyuma ya mashine ya kukoboa. Barabara inaweza kuwa safi na bodaboda ana mafuta ya kutosha. Kama pale kijiweni hakuna anayemjua huyo mama, hufiki. Mtandaoni anayeulizwa ni seva ya DNS. Unampa jina, anakurudishia namba, yaani anwani ya IP, kisha kompyuta inakwenda yenyewe. Mfumo huu ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Kabla ya hapo majina ya kompyuta zote yaliandikwa kwenye faili moja lililotunzwa Marekani, na kila aliyetaka majina mapya alilazimika kulinakili upya. Faili la aina hiyo bado limo ndani ya Windows, linaitwa hosts, na kompyuta hulisoma kabla ya kumwuliza mtu yeyote. Likumbuke siku utakapokuta tovuti moja tu inapotea wakati nyingine zote zinafunguka.

Nikueleze nilivyojifunza kuuliza kabla ya kugusa. Nilikuwa bado mgeni kwenye kazi, nikaitwa nyumba moja mtaa wa Forest, Ijumaa jioni. Kijana wa nyumbani akanionyesha laptopu yake, kweli hakuna kinachofunguka. Nikachukua kipini, nikabonyeza kile kitundu cha nyuma ya ruta, nikashikilia mpaka taa zikazimika. Ruta ikarudi kama ilivyotoka kiwandani. Jina la mtumiaji na nenosiri la kuunganisha huduma vikafutika, na hakuna mtu pale ndani aliyekuwa ameviandika popote. Familia nzima ilikaa bila mtandao hadi Jumatatu, na yule kijana alikuwa na kazi ya chuo ya kutuma. Tatizo lilikuwa kwenye laptopu yake peke yake. Huko chuoni, maabara, alikuwa amewekewa kwa mkono seva ya DNS yenye anwani inayoanza na 10, ambayo haifikiki ukiwa nje ya mtandao wa chuo. Simu ya mama yake ilikuwa inafungua kila kitu, kwenye waifai ileile, muda wote nikiwa nimekaa pale. Sikumwuliza. Nililipia kosa lile kwa kurudi mara tatu bila kudai hela, na naona ilikuwa haki.

Kwa hiyo swali lako la kwanza, hata kabla ya kuvua viatu mlangoni: kifaa kingine kinafungua? Kama simu inafungua kwa waifai ya nyumbani (hakikisha bando la simu limezimwa, maana hapo wengi hudanganyika), ruta iache. Tatizo liko kwenye kompyuta. Kama vyote vimegoma, hapo ndipo uigeukie ruta na laini.

Sasa pima. Kwenye Windows fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika ping 1.1.1.1. Hiyo ni namba, haihitaji kuulizwa jina. Ikijibu, barabara ipo. Kisha andika nslookup na jina la tovuti unayoijua. Jina likigoma huku namba inajibu, umeshampata mgonjwa wako kwa muda usiofika dakika mbili. Ongeza kipimo cha tatu: rudia nslookup na jina lilelile, halafu baada ya jina acha nafasi, uandike 8.8.8.8. Hapo unaipita seva uliyopangiwa na kuuliza nyingine. Hii ya pili ikijibu na ya kwanza ikanyamaza, seva iliyowekwa kwenye kompyuta au ruta ndiyo mbovu, au haifikiki.

Soma pia aina ya jibu, usiangalie tu kwamba limekataa. Kunyamaza mpaka muda uishe maana yake aliyeulizwa hayupo au njia ya kumfikia imefungwa. Jibu la NXDOMAIN ni jambo jingine kabisa: aliyeulizwa yupo, na anasema jina hilo halipo. Ukiona hivyo, kwanza kagua herufi. Nimewahi kuitwa na mwenye duka la mbegu Mwanjelwa, tovuti yake haifunguki, ana hakika ni ruta. Kila seva niliyoiuliza ilisema jina halipo. Jina lake la kikoa, la co.tz, lilikuwa limeisha muda na halijalipiwa. Hapo fundi wa mtandao huna cha kufanya zaidi ya kumwelekeza kwa msajili aliyemuuzia jina, na kumwambia hivyo waziwazi badala ya kumtoza kwa kuchezea ruta.

Baada ya hapo andika ipconfig /all, utafute mstari wa seva za DNS. Kompyuta ya nyumbani kwa kawaida inapaswa kuonyesha anwani ya ruta, mfano 192.168.1.1, au za kampuni inayotoa huduma. Ukikuta namba ngeni, uliza nani aliiweka na kwa nini. Pengine ni VPN ya ofisini, yaani programu ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali, iliyozimwa vibaya ikaacha mipangilio yake. Na ukiona anwani ya kompyuta yenyewe inaanza na 169.254, achana na DNS kabisa: kompyuta haijapewa anwani na ruta. Msimu wa mvua, umeme unapokatika na kurudi, utakutana na hili sana. Chomoa na uchomeke tena kebo, au zima na uwashe waifai, kisha angalia upya.

Kabla hujabadilisha namba yoyote, iandike iliyopo kwenye daftari, pamoja na tarehe. Nasisitiza daftari, kwa sababu simu ya mteja ndiyo hiyo isiyo na mtandao, na yako inaweza kuzima chaji.

Kuhusu seva za kuweka, wanaoanza hupenda kukimbilia 8.8.8.8 ya Google, iliyoanza mwaka 2009, au 1.1.1.1 ya Cloudflare, iliyofunguliwa mwaka 2018. Ni nzuri zote mbili, nami ninazitumia. Ila usizibandike kwa mkono kwenye kila laptopu unayoishika. Mwenye laptopu ataihamishia ofisini ambako mashine ya kuchapia inaitwa kwa jina la ndani, na Google hailijui jina hilo. Iache kompyuta ichukue mipangilio yenyewe, na kama kweli seva ya kampuni imekuwa ikisumbua, badilisha kwenye ruta kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Kuna na dhana moja potofu nimeikuta kwa vijana wengi wazuri: kwamba ile nafasi ya pili ya DNS husaidia pale ya kwanza inapokosa jina. Sivyo. Ya pili huulizwa pale ya kwanza inaponyamaza. Ya kwanza ikishasema "halipo," kompyuta inaridhika.

Ukishabadilisha, futa majibu ya zamani kwa ipconfig /flushdns, kwenye Linux nyingi za siku hizi ni resolvectl flush-caches. Kompyuta hutunza majibu kwa muda, hata yale ya "halipo," na unaweza kudhani tiba yako imeshindwa kumbe inasomewa jibu la jana. Vivinjari navyo vina kumbukumbu yao, vifunge na uvifungue tena.

Simu za Android kuanzia toleo la 9 zina sehemu ya DNS ya faragha. Mtu huelekezwa na rafiki aandike jina la seva ya kuzuia matangazo, siku seva hiyo ikifungwa simu inasema imeunganishwa lakini haina intaneti, iwe kwa waifai au kwa bando. Irudishe kwenye otomatiki.

Ukikuta seva ngeni zimeandikwa ndani ya ruta yenyewe na hakuna wa nyumbani anayezijua, hilo ni jambo zito. Mwaka 2011 Marekani ilivunja mtandao wa wahalifu waliokuwa wakibadilisha DNS za kompyuta za watu kwa kirusi cha DNSChanger, ili jina sahihi liwapeleke watu mahali pasipo sahihi. Mtu anaweza kufika kwenye ukurasa unaofanana na wa benki yake akaandika nywila. Badilisha nenosiri la ruta, lile la kiwandani halifai kubaki hata siku moja, rudisha DNS, sasisha programu ya ruta, na mweleze mteja bila kumtisha wala kumficha.

Na kama namba zinajibu, lakini hata 8.8.8.8 haijibu maswali ya majina, hamisha laptopu kwenye hotspoti ya simu urudie vipimo vilevile. Huko ikikubali, na bando la nyumbani umehakikisha halijaisha, piga simu kwa kampuni inayowahudumia. Wasomee kutoka kwenye daftari: saa uliyopima, namba iliyojibu, jina lililogoma, seva uliyoiuliza. Muombe mteja akae karibu, kwa sababu watataka namba ya akaunti yake.