Kanuni yangu niliijua kwenye kulinganisha nyuzi zake

Ndugu mleta mada, umeuliza kama anayebobea katika sanaa au sayansi hufikishwa na kipaji au na mazoezi. Mimi napiga kanuni, ala ya nyuzi ya taarabu, hapa Unguja. Nakujibu kwa niliyoyapitia: sikio langu sikuzaliwa nalo, lilitengenezwa.

Kanuni yangu ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila noti. Maalim wangu hakuniruhusu kuvaa risha, vile vipande vya kukwanyulia nyuzi, vidoleni mpaka niweze kuzilinganisha zote mwenyewe. Na Unguja hazitulii! Daraja la kanuni limekalia ngozi, na ngozi ikinywa unyevu wa masika hulegea, sauti zikashuka. Unamaliza upande huu, ule umeshahama. Wenzangu wanaocheza ala ya udi wanapiga, mimi bado nimeshika ufunguo wa kukazia nyuzi.

Hapo ndipo fizikia ya shule iliponifaa. Uzi mmoja ukitetemeka mara 440 kwa sekunde na jirani yake mara 442, utasikia sauti ikivimba na kunywea mara mbili kila sekunde. Unakaza kidogo kidogo. Mapigo yanapungua kasi, kisha yanapotea kabisa. Maalim hakuwahi kutaja namba hizo, ila alikuwa akiyasikia akiwa chumba cha pili na kuniambia, "Mwanangu, uzi wa kati." Nilipoelewa kinachotokea, nami nikaanza kuyasikia.

Iliyonihangaisha zaidi ni noti ya tatu ya Rast, mojawapo ya maqamu, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu. Katika nadharia ya Kiarabu oktavu, yaani kutoka do hadi do ya juu yake, hugawanywa robo 24 za toni, na noti hiyo huandikwa katikati ya mi bemoli (mi iliyoshushwa nusu toni) na mi. Lakini Waturuki huiweka juu zaidi, na hata mafundi wa Kiarabu hawaipigi katikati kamili. Programu ya simu haiwezi kukuamulia hapo. Mimi niliipata kwa koo: naiimba kwanza, ndipo nasogeza vile vijikono vya chuma vya kupandishia na kushushia sauti ya uzi mpaka uzi ukutane na sauti yangu. Nilisikiliza sana pia santuri za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, zile alizoanza kurekodi Bombay mwaka 1928, nikifuata anavyoingia kwenye noti na kutoka.

Sasa nami nafundisha kwa njia hiyohiyo. Wazazi wengine huniuliza mbona mtoto hajapiga hata wimbo mmoja; nawakaribisha wakae, wamsikilize anavyozifanya nyuzi tatu kuwa sauti moja.