Kinachoua begi la mlimani ni unyevu, si uchafu

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii: "Begi langu la kupandia mlima linanata kwa ndani na linanuka. Nimelifua kwa sabuni, nikalifua tena, hali ni ileile. Nilitupe?" Swali hili huniijia kwa sura nyingi, na safari hii nalijibu kwa kirefu, kwa sababu aliyeuliza si mvivu. Kufua amefua kweli. Ila tatizo lake haliondoki kwa sabuni.

Mabegi mengi ya safari hushonwa kwa nailoni au poliesta, na upande wa ndani hupakwa utando mwembamba wa poliyurethani ili maji yasipenye. Utando huo una maadui wawili wanaofuatana, unyevu na joto. Unyevu huuvunjavunja taratibu, na joto huharakisha kazi hiyo. Kwanza unalainika, kisha unanata, mwisho unabanduka vipande vidogo vidogo vinavyong'ang'ania nguo. Harufu ile ya uchachu inatoka humo humo. Kwa hiyo begi lililosuguliwa likang'aa, halafu likaingizwa kabatini sponji zilizo ndani ya mikanda yake zikiwa bado na maji, litakufa mapema kuliko begi lenye vumbi lililo kavu. Nikipewa nafasi ya kusema jambo moja tu kuhusu mabegi, nitasema hilo.

Langu la kijani ni la zamani, rangi imepauka mabegani, lakini ndani bado ni laini na kavu. Juzi njiani kijana mmoja aliniuliza limenunuliwa wapi, naye alitaka kama hilo. Lilishaacha kutengenezwa. Sifichi kwamba nilivimba kichwa, maana halijafika hapo kwa bahati. Kila nirudipo safari, hata nikiwa hoi vipi, begi huhudumiwa kabla sijalala.

Nilikuwa na la pili, kubwa zaidi, na hilo bado linaniuma. Mwenzangu wa safari aliliazima, akalirudisha likinukia marashi. Alikuwa amelitia kwenye mashine ya kufulia, kisha kwenye mashine ya kukaushia, kwa nia njema kabisa. Fito za alumini za mgongoni hakuzitoa, na mojawapo ilikuwa imetoboa pembe ya chini. Sponji ya mkanda wa kiunoni ilikuwa imejikunja na kuwa ngumu, utando wa ndani umeachana na kitambaa. Akaniambia, "Nimekusafishia." Nilimshukuru kwa sababu sikujua la kusema. Uhusiano wetu haukuvunjika, lakini tangu siku ile begi langu haliazimwi.

Basi tufue kwa mikono. Toa kila kitu, geuza mifuko, kung'uta mchanga. Toa fito na weka alama ipi ni ya kushoto na ipi ya kulia, kwa kuwa nyingi zimepindwa kufuata mgongo. Jaza beseni kubwa maji ya uvuguvugu, tia sabuni kidogo ya maji isiyo kali wala manukato. Dawa ya kung'arisha nguo iache kabisa, na ya kulainisha nguo pia, maana hiyo ya pili huharibu ule uwezo wa kitambaa kutiririsha maji ya mvua. Kitambaa chenyewe kinatosheka na sifongo. Nguvu ipeleke kwenye mikanda ya mabega, mkanda wa kiunoni na sehemu inayogusa mgongo, ndiko jasho linakokaa. Jasho likikauka huacha chumvi, na chumvi huvuta unyevu hewani, hivyo begi lako litakuwa na majimaji hata kama hukulowa mvua. Tena chumvi hiyo huwaita panya: wanatafuna mikanda kwa ajili yake. Suuza hadi ukikamua sponji povu lisionekane tena.

Hapa ndipo kazi inapoanza. Wengi hulitundika begi, wakaligusa jioni, wakaona kitambaa kimekauka, wakalihifadhi. Kitambaa si kipimo. Bana mkanda wa bega kwa dole gumba, karibu na ulipounganishwa na begi, halafu funika hapo kwa karatasi ya chooni na ubane tena kwa nguvu. Karatasi ikipata doa la maji, begi bado. Nimeona mkanda unaoonekana mkavu kabisa ukitoa maji hivyo siku ya pili. Lining'inize kichwa chini, zipu zote wazi, mifuko yote imepanuliwa, kivulini penye upepo. Usilianike juani siku nzima, kwa sababu miale ya jua hudhoofisha nailoni na nyuzi za mshono. Hita na pasi zisilikaribie.

Zipu nazo mnazionea sana. Chembe za mchanga zikikaa kwenye meno hukisaga kile kichwa kinachoteleza, kikalegea, ndipo zipu inapofungwa nyuma yake ikaachia. Mswaki mkuukuu na maji vinatosha. Usipake mafuta ya kupikia wala ya mashine, yanakusanya vumbi.

Na wewe uliyeniandikia, usilitupe. Utando ulionata haurudi, lakini unaweza kuuondoa: lowesha kitambaa kwa spiriti, sugua ndani sehemu kwa sehemu, mahali penye hewa na mbali na moto, hadi mnato uishe. Jaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana. Begi halitazuia maji tena kama zamani, kwa hiyo vitu vyako vitie kwenye mfuko wa plastiki mgumu kabla ya kuvipanga.

Ndugu zangu, tunatumia fedha nyingi kwenye viatu na makoti, tunapiga picha kileleni, halafu kilichobeba maji na chakula chetu tunakitupa kwenye buti la gari hadi safari ijayo. Buti lililofungwa ni joto na unyevu pamoja, vile vile viwili nilivyotaja. Begi lipe heshima yake. Si lazima kulifua kila safari, mara nyingi kitambaa chenye maji na kulianika vinatosha. Hifadhi mahali pakavu penye hewa, si ndani ya mfuko wa plastiki, mikanda ikiwa imelegezwa na bila kitu kizito juu yake. Kabla hujaliweka, tia mkono kwenye vile vimifuko vya mkanda wa kiunoni, maana ndimo ganda la peremende na kipande cha tunda hubaki, na kuvu huanzia humo.