Kabla hujawatukana waliomwachia, soma mashtaka

Nafuatilia kesi za jinai za Marekani kwa miaka sasa, hasa zinazorushwa moja kwa moja. Kila mshtakiwa maarufu akiachiwa, jumbe hunimiminikia: "Umeona walichofanya?" Huwa najibu kwa kuuliza: alishtakiwa kwa kosa gani hasa? Wengi hawajui, na ghadhabu nyingi huanzia hapo.

Chukua kesi ya Casey Anthony, Florida, mwaka 2011. Mtoto wake alitoweka, mama akakaa mwezi mzima bila kutoa taarifa, na polisi alipowaeleza aliwadanganya. Watu walishamhukumu zamani. Lakini mwili ulipopatikana ilikuwa imebaki mifupa, na wataalamu hawakuweza kubaini mtoto alikufaje. Waendesha mashtaka wao walishika mauaji ya kukusudia, kosa ambalo lingeweza kumfikisha kwenye adhabu ya kifo. Baraza la mahakama, yaani raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, likamwachia kwa mauaji, likamtia hatiani kwa kudanganya polisi. Wajumbe walichukiwa kiasi kwamba jaji alizuia majina yao yasitangazwe kwa miezi. Hata mimi simwamini yule mama, ila wajumbe hawakuulizwa kama ni mwongo. Waliulizwa kama mauaji yamethibitishwa pasipo kuacha shaka.

Jambo jingine: ukitazama kesi kwenye runinga, angalia wajumbe wanapotolewa nje. Mawakili wakibishania kama ushahidi fulani upokelewe, wajumbe huondoka, kamera hubaki. Wewe unasikia yote, na usiku wachambuzi wanakuongezea yao. Jaji akiukataa ule ushahidi, wajumbe hawatausikia kabisa. Kwa hiyo mnaweza kufuatilia kesi moja na kila mmoja akawa na picha yake. Na baraza halitoi sababu za uamuzi wake. Marekani mjumbe akitaka anaweza kuzungumza kesi ikiisha, basi subiri siku chache, huenda mmoja akajitokeza. Uingereza usisubiri, kwani kutoa siri za majadiliano yao ni kosa la jinai.

Tahadhari hiyohiyo itumie uamuzi unapokufurahisha. Vijana watano walitiwa hatiani mwaka 1990 kwa kumshambulia na kumbaka mwanamke kwenye bustani ya Central Park, New York. Mwaka mmoja kabla, Donald Trump alikuwa amelipia matangazo magazetini akitaka adhabu ya kifo irudishwe. Mwaka 2002 hukumu zao zilifutwa: mtu mwingine alikiri, na vipimo vya DNA vikamthibitisha yeye.

Sisemi watu wasikasirike. Mwaka 1992 polisi wanne waliorekodiwa wakimpiga Rodney King, mtu mweusi, waliachiwa, Los Angeles ikawaka moto na zaidi ya watu 50 wakafa. Vurugu sizitetei, ila malalamiko yalikuwa na pa kushika: kesi ilihamishiwa Simi Valley, eneo la Wazungu wengi, na kwenye baraza hakukuwa na mtu mweusi hata mmoja. Mwaka uliofuata, mahakama ya shirikisho iliwatia hatiani wawili kati ya wale wanne. Ukitaka kulalamikia uamuzi, anzia huko: kesi ilisikilizwa wapi, wajumbe walichaguliwaje, na jaji aliwaelekeza nini kabla hawajaingia kujadiliana.